Sanduku la nyoka limenivimbia kama andazi, naanza upya: nitumie ubao gani na nizibe kwa nini?

Mtu_wa_Wete:

Asalam aleikum jamani. Najua wapo watakaoliona neno nyoka wapite mbio, lakini hili swali langu zaidi ni la useremala kwa hio msinikimbie.

N'na nyoka wa nyumba, yule wa kahawia mwenye mistari miwili myeupemyeupe kichwani inayopita kwenye jicho, hana sumu, kazi yake panya na mijusi usiku basi. Alitolewa kwenye stoo ya karafuu ya ami yangu mwaka juzi, vijana washashika magongo, mie ndo nkamtia ndoo nkaondoka nae. Saivi anafika kama sentimita 80. Nkenda kwa seremala hapa mtaani nkamwambia nifanyie sanduku, urefu futi 3, upana futi 1 na nusu, kwenda juu futi 1 na nusu, mbele kioo. Akanifanyia la MDF, zile mbao za kiwandani za unga wa mbao, zuri wallahi, kalipiga vanishi linang'ara kama kabati la bi harusi.

Kipupwe likapita, vuli ikapita, kaskazi hakuna tabu. Masika ilipoanza ndo nkaona maajabu. Ile kona ya nyuma ninapoweka bakuli la maji sakafu imenyanyuka, nkibonyeza kwa kidole kinaingia kama mkate uliochovywa kwenye chai, vanishi inabanduka mapande mapande (hata nyoka mwenyewe hajivui ngozi hivo), na nilipogeuza chini kumbe ukungu mweusi ushatambaa mpaka kwenye miguu. Skrubu za pembeni nimezitoa kwa mkono, sikuhitaji bisibisi.

Nyoka kwa sasa yumo kwenye ndoo ya lita 20, mfuniko nimeutoboa matundu kwa msumari wa moto na juu nimeweka jiwe. Bi mkubwa kila alfajiri kabla hajatia udhu anakwenda kuliangalia lile jiwe kama lipo.

Sasa nataka kutengeneza mwenyewe na kila mtu ana lake. Seremala anasema ni ile ile MDF ila safari hii tupige rangi ya mafuta mikono mitatu. Ami anasema nipake sifa, yale mafuta ya samaki, kama jahazi, eti majahazi yamekaa majini miaka na miaka na hayajavimba. Muuza duka la vifaa anasema nichukue marini bodi, eti plaiwudi ya majini, hio haitaki kupakwa chochote. Nani mkweli hapa?

Kibiriti_Ngoma:

Mkweli ni bi mkubwa wako. Mtu kamtoa nyoka stoo kisha anamjengea nyumba ya kioo, na sie wengine tunapanga Jang'ombe chumba hakina hata dirisha 😂😂

SeremalaBahari:

Waaleikum salam mdogo wangu. Mie siko kwenye mambo ya nyoka lakini ubao na maji ndo chakula changu, natengeneza boti Nungwi, kwa hio nisikilize kwenye hilo tu.

Ami yako mpe heshima zake lakini sifa hapana. Sifa ni mafuta ya samaki, papa hasa, na kazi yake kwenye chombo si kuziba. Inalainisha ubao usipasuke kwa jua, na inapakwa tena na tena kila baada ya muda. Maji yanazuiwa na kalafati, ile pamba yenye mafuta inayogongwa kwenye mianya, na chini ya chombo tunapaka shahamu na chokaa. Na ubao wenyewe wa jahazi unatakiwa unywe maji uvimbe ndo mianya ijibane, jahazi likikaa juu mchangani muda mrefu likishushwa siku ya kwanza linavuja kama chujio. Sasa hio hesabu haiendi kwenye sanduku la plaiwudi. Halafu sifa haikauki ikawa ngumu na harufu yake unaijua, utakaa nayo chumbani wewe?

MDF nayo wacha. Hio ni unga wa mbao ulioshikizwa kwa gundi, uso wake mgumu ndo unakudanganya. Ukiukata tu, ukingo wake ni sponji. Chipubodi vivyo hivyo, hata ile yenye ngozi nyeupe ya melamini, uso hauingii maji kabisa lakini tundu moja la skrubu likipata unyevu ndani panavimba na ngozi inapasuka. Nakuuliza, lile sanduku lako vanishi ilipakwa lini, kabla ya kuunga au baada? Nna uhakika baada. Maana yake kingo zote zilizokutana ndani ya kiungo ziko kavu hazijaona hata tone la vanishi, na chini ya sanduku hakupaka kabisa kwa sababu hapaonekani. Maji ya bakuli yalipita kwenye mstari wa kiungo na hewa yenyewe ya masika ikaingia kwa chini. Ubao haunywi kwa usoni, unanywa kwa ukingoni na kwenye matundu ya skrubu, hapo ndo pa kuhangaika napo.

Marini bodi ni nzuri lakini hapa kwetu jina hilo wanaliita chochote. Kuna ile nyeusi au ya kahawia inayong'aa inayotumika kufinyangia zege, uso wake una ngozi ngumu haipitishi maji, nayo inafaa sana ila kingo lazima uzizibe. Kuna plaiwudi ya kweli ya majini ambayo gundi yake inastahamili maji ya moto. Na kuna plaiwudi ya kawaida imepigwa mhuri tu. Kabla hujanunua karatasi nzima omba kipande kama kiganja, kichemshe kwenye sufuria saa moja au mbili kisha ukikunje kwa mkono. Tabaka zikiachana kama kurasa za msahafu uliolowa, astaghfirullah, kama kurasa za daftari, mrudishie mwenyewe.

Karatasi moja ya futi 8 kwa 4 inakutosha. Unakata mikanda miwili ya upana futi 1 na nusu. Wa kwanza utatoa vipande viwili vya futi 3 na kimoja cha futi 1 na nusu, wa pili futi 3 moja na futi 1 na nusu moja, kwa hio chini, juu, mgongo na mbavu mbili zishapatikana. Unabaki na ukanda mwembamba wa futi moja, huo fanya kizingiti cha mbele na kibanda cha kujificha mnyama wako.

Kuziba: mie ningepiga epoksi, ile gundi ya maji maji ya kuchanganya vitu viwili, yenyewe na hadina yake ya kuigandisha. Toboa matundu yote ya skrubu kwanza, panga sanduku kikavu bila gundi uone linakaa, lifungue, halafu ndo upake kila kipande pande zote sita, nasema sita, pamoja na ndani ya matundu. Kingo mikono mitatu, nyuso miwili. Na hapa nikusimulie nilivyounguza kopo. Mwaka wa kwanza naanza kazi nilichanganya epoksi karibu lita nzima ndani ya kopo la plastiki kwa sababu nilitaka nimalize kabla ya adhuhuri, sijapaka hata robo kopo likaanza kuwa la moto, nikadhani ni jua, likatoa moshi, likayeyuka chini na kile kidonge kikagandana na meza mpaka leo kipo. Epoksi ikichanganywa inajipasha yenyewe, na ikiwa nyingi mahali pamoja moto hauna pa kutokea. Changanya kidogo kidogo na uimwage kwenye sahani pana. Kipimo usikisie, kama kopo linasema mbili kwa moja basi mbili kwa moja, kwa sababu ukizidisha hadina ukidhani itakauka haraka ndo itabaki inanata maisha.

Na paka jioni. Ukipaka asubuhi ubao unazidi kupata joto, hewa iliyomo inatanuka inatoka nje na kukuachia vipovu uso mzima. Jioni ubao unapoa unavuta ndani. Kesho yake ukipitisha kidole ukiona kama pana mafuta mafuta juu, ni unyevu wa hewa yetu, osha kwa maji na sabuni, ukauke, piga msasa ndo urudie. Usipige msasa juu ya yale mafuta, unayachimbia ndani.

Dada_Mjusi:

Fundi umesema kweli tupu kwenye kingo, lakini naomba nipinge kidogo hapo kwenye epoksi. Mie nilikuwa nafanya kazi sehemu ya kuonesha nyoka kwa wageni huku Unguja miaka minne na saivi nnao wawili nyumbani. Nyoka wa nyumba wa sentimita 80 hafanyi bahari. Anakunywa bakuli moja, anakojoa ule mkojo mweupe kama chaki iliyolowa, basi. Epoksi ni ghali na mtu asiyeizoea anaikosea, na epoksi iliyokosewa kipimo ni mbaya kuliko ubao mtupu, kwa sababu inatoa mvuke siku zote na nyoka anatembea kwa tumbo juu yake, pua sentimita moja kutoka sakafuni, sanduku limefungwa. Fikiria wewe ulale kifudifudi juu ya rangi mbichi.

Mie natumia vanishi ya maji, ile ya poliyurethini inayooshwa burashi kwa maji si kwa tina. Mikono minne, kila mkono ukikauka napitisha msasa laini namba 220 mara moja tu kuondoa vijinywele, nafuta vumbi, narudia. Kingo napaka kwanza mkono mmoja uliochanganywa na maji kidogo ili uzame ndani, halafu ile nzito juu yake. Rangi ya mafuta ya seremala wako haina tabu kama una miezi ya kusubiri, ila kwa hewa yetu ndani ya sanduku itanuka mpaka uchoke, na wengi hawasubiri.

Kauka na iva ni vitu viwili. Vanishi ya maji baada ya saa mbili unaigusa haishiki, watu wanadhani tayari. Iache wiki mbili tatu milango wazi penye upepo. Kisha fanya hivi: funga sanduku kabisa, liache juani kutwa, jioni lifungue uingize kichwa chako ndani uvute pumzi. Ukisikia harufu yoyote ya dukani, bado. Mie hicho ndo kipimo changu na hakijanidanganya.

Silikoni inakuja mwisho, baada ya vanishi, usitangulize kwa sababu vanishi haishiki juu ya silikoni inakimbia kama maji juu ya jani la mgomba. Piga kwenye pembe zote za ndani, ukitelezesha kidole chenye maji ya sabuni. Nunua ile ya vioo au ya matangi ya samaki, silikoni tupu, sio ya chooni, ya chooni imetiwa dawa ya kuua ukungu. Ile nzuri inanuka siki ikiwa mbichi, usiogope, harufu inaondoka. Na hapa ndo pwani tumebarikiwa, silikoni inaiva kwa unyevu wa hewa, kwa hio huku inawahi. Lakini ipe wiki.

Mengine ambayo hukuuliza ila yatakuja kukuuma:

Umeme wa kumpasha joto achana nao, huyu ni nyoka wa hapa hapa, digrii zetu ndo zake, na balbu ndani ya sanduku la mbao umeme ukikatika na kurudi ni balaa jengine. Tabu yetu sio baridi, ni hewa kusimama. Toboa tundu la hewa chini ubavu mmoja na juu ubavu wa pili ili hewa ipite mshazari, weka wavu wa chuma usioshika kutu na uufunge kwa fremu ya ubao kuzunguka kingo zake, usiache pini na ncha za waya upande wa ndani. Nyoka usiku anasukuma pua pale pale kila siku mpaka inatoka kidonda.

Kioo chukua cha kuteleza, nenda kwa mafundi wa madirisha ya alminiamu wakukatie na reli yake, waambie wasage kingo. Vioo viwili vikipishana pana mwanya katikati, mwambie fundi akuwekee ile brashi ya manyoya wanayotia kwenye dirisha. Kichwa kikipita nyoka mzima kapita. Bawaba na skrubu zote ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu, hizi za kawaida kwa chumvi ya hewa yetu hazimalizi mwaka.

Na sakafu, hata uzibe vipi, tandika kipande cha kapeti la plastiki kilichokatwa kwa kipimo, juu yake gazeti. Kila wiki unatoa, unaosha, unarudisha. Vanishi haioni hata mkojo.

Chwale_Boy:

Pamoja na yote kaka hakikisha una ruhusa, nyoka ni mnyama wa porini hata akiwa ametoka stoo kwa ami, watu wa misitu wanaweza kukuuliza. Na mtu mwengine anaesoma hapa asije akaanza na chatu, chatu yumo kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na sanduku la futi 3 halimtoshi hata mwaka.

Kibiriti_Ngoma:

Nimesoma yote. Nimejikuta nataka sanduku, nyoka sina.

Mtu_wa_Wete:

Ahsanteni sana, fundi na dada yangu nimewaelewa. Chwale, kwa watu wa misitu nilikwenda tangu mwanzo na picha, usijali.

Fundi, lile sanduku la zamani umelisema kama ulikuwepo. Nimelivunja jana, ndani ya kiungo MDF ni kavu rangi ya unga wa mhogo, hakuna vanishi hata alama. Na chini hakupaka kweli.

Nimechemsha. Madukani mawili wamenipa vipande, mmoja kwa kununa. Nkatumia jiko la mkaa la nje kwa sababu bi mkubwa kasema sufuria yake haingii mbao. Kipande cha kwanza, kile alichoapa muuzaji kuwa ni marini, dakika 40 tu kikaanza kufunguka pembeni, maji yakawa mekundu kama chai, nilipokikunja tabaka ya juu ikatoka nzima mkononi. Cha pili, ile nyeusi ya zege, saa mbili, kimekuwa kizito lakini kimekamatana. Nimeshachukua karatasi moja ya hio nyeusi.

Maswali mawili ya mwisho. Ile ngozi nyeusi inashika vanishi? Na ami keshahama kwenye sifa, sasa anasema nifute ndani kwa mafuta ya karafuu kufukuza sisimizi, kweli wananisumbua, siku ya kumpa panya wanajaa. Na chini badala ya gazeti nilitaka kutia usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, huku makumbi bure.

SeremalaBahari:

Uso mweusi hauhitaji kitu, uache. Ukipaka vanishi juu yake itabanduka tu kwa sababu ni laini mno, labda uipige msasa mpaka ipoteze mng'aro. Kazi yako ni kingo na matundu peke yake. Dada kashinda, kwa kingo tu hio vanishi ya maji inatosha, epoksi niachie mie na boti zangu. Ila kila utakapokata kwa msumeno umefungua jeraha jipya, usikate kitu baada ya kupaka. Kama itabidi, paka papo hapo kabla hujaweka msumeno chini.

Umeipata bei gani lakini? Huku wametupandishia.

Dada_Mjusi:

Mafuta ya karafuu usithubutu mdogo wangu. Hayo ndo yanayotumika kuwalewesha samaki wanapotaka kupimwa, matone machache kwenye ndoo samaki analala ubavu. Wewe uyafungie na nyoka sandukuni? Chochote chenye harufu kali usikitie, na vumbi la mbao la seremala nalo usilichukue, hujui mmechanganyika miti gani humo. Sisimizi dawa yake unaijua, bibi zetu wakifanya kwenye kabati la vyakula, miguu minne ndani ya makopo manne ya maji, na sanduku lisiguse ukuta. Wakivuka hapo ujue wana boti ya fundi.

Usumba sawa lakini makumbi yaliyofukiwa pwani yana chumvi, yaloweke maji baridi umwage, uloweke tena, siku tatu hivi, kisha uyaanike yakauke kau kau. Ukiyatia mabichi unarudi kule kule kwa ukungu. Mie gazeti bado naliona bora, unaona uchafu mara moja.

Mtu_wa_Wete:

Kurudi kutoa habari kama mlivyonitaka. Sanduku limeungwa, nimeunga mwenyewe, ubavu mmoja umekwenda upande kidogo ila kioo kinateleza. Kingo mikono minne, wiki mbili na nusu kwenye baraza penye upepo. Juzi nimelifunga juani kutwa, jioni nkaingiza kichwa kama alivyosema dada, mtoto wa jirani akaniona miguu tu iko nje akenda kumwita mama yake. Harufu ya vanishi hakuna. Siki bado ipo kwenye pembe ya nyuma niliyojaza silikoni nene, kwa hio bado nasubiri. Bakuli la maji nimelimwaga ndani makusudi nikaliacha usiku kucha, asubuhi maji yote yapo juu, chini kwa nje kukavu.

Miguu imo kwenye makopo ya maziwa. Nyoka bado yuko ndooni, kajivua ngozi jana, nzima toka mdomo mpaka mkia. Bi mkubwa kauliza kioo kile kina kufuli?

Dada_Mjusi:

Kufuli zake zipo, mwambie. Zile za kabati la kioo la dukani, zenye meno. Zinapatikana Darajani, nitakutumia moja kwa mtu wa boti.